Figo mpya kwa anayeishi na VVU: kwa nini jibu si "haiwezekani" tena

Kwa miaka mingi, mtu anayeishi na Virusi Vya UKIMWI (VVU) ambaye figo zake zimekufa alipewa jibu moja tu hospitalini: kwako hakuna kupandikizwa. Jibu hilo limepitwa na wakati. Ushahidi uliokusanywa nchini Afrika Kusini na Marekani unaonyesha kwamba mgonjwa ambaye virusi vyake vimedhibitiwa kwa dawa anaweza kupokea figo ya mtu mwingine na kuishi nayo kwa miaka mingi.

Makala hii inaeleza mabadiliko hayo yalivyotokea, na yana maana gani kwa mtu anayeishi mbali na hospitali kubwa: kwa mfano mkulima wa Kirewa, kata ya vijijini wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, katika ukanda wa mpaka wa Kenya unaopita Malaba na Busia. Mfano huu una sababu yake. Tororo ni miongoni mwa maeneo ya vijijini barani Afrika ambako uhusiano wa VVU na figo umechunguzwa kwa kina, na yaliyogunduliwa huko yanawahusu wengi wetu.

Figo hufanya kazi gani, na VVU huziharibuje?

Kwa kawaida mtu huzaliwa na figo mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi. Huchuja damu usiku na mchana, hutoa uchafu na maji ya ziada kwa njia ya mkojo, husawazisha chumvi, husaidia kudhibiti shinikizo la damu na huuchochea mwili utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo moja yenye afya yatosha kubeba kazi yote. Ndiyo maana ndugu anaweza kumpa ndugu yake figo moja na wote wawili wakaendelea kuishi.

VVU huzidhuru figo kwa njia zaidi ya moja. Virusi vyenyewe vinaweza kuingia katika seli za kichujio cha figo na kukipasua, hata protini inayopaswa kubaki katika damu ikapita na kutoka na mkojo. Maradhi nyemelezi, homa za muda mrefu na kuharisha kunakoukausha mwili huongeza madhara. Baadhi ya dawa nazo zina sehemu yake: tenofoviri, iliyomo katika tembe zinazotumiwa na mamilioni ya watu, huwadhuru figo watu wachache, na kwa hiyo wanaoitumia hushauriwa kupimwa. Na kwa kuwa wanaoishi na VVU sasa huishi hadi uzeeni, hupatwa pia na shinikizo la damu na kisukari, ambayo ni magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuua figo duniani.

Urithi nao una nafasi yake. Mwaka 2010 wanasayansi waligundua kwamba maumbile fulani ya jeni iitwayo APOL1, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, huongeza sana hatari ya VVU kuharibu figo. Maumbile hayo yaliendelea kurithishwa kwa sababu humkinga mtu dhidi ya baadhi ya vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Yamezagaa zaidi Afrika Magharibi kuliko Afrika Mashariki, lakini yapo kwetu pia. Tutaona baadaye kwa nini jambo hili ni muhimu pale ndugu wa damu anapojitolea kutoa figo.

Tororo ilifundisha nini?

Mwaka 2003, wakati dawa za kufubaza VVU zilikuwa bado ni nadra vijijini, mradi wa kutibu watu majumbani ulianzishwa katika wilaya za Tororo na Busia, upande wa Uganda. Uliendeshwa na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kwa kushirikiana na TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wenye VVU lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake. Wahudumu ambao hawakuwa madaktari wala wauguzi walipanda pikipiki kila wiki na kupeleka dawa nyumba kwa nyumba.

Miongoni mwa waliotibiwa hivyo, watafiti walizipima figo za watu wazima wapatao 500 kabla ya kuanza dawa. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na figo zilizopungukiwa nguvu kwa kiasi kikubwa. Wengi wao hawakuwa na namna ya kulijua hilo, kwa kuwa figo huumwa kimyakimya. Baada ya miaka miwili ya dawa walipimwa tena. Kazi ya figo ilikuwa imeboreka kwa wastani wa takriban asilimia 20, na walionufaika zaidi ni wale walioanza wakiwa na hali mbaya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Somo la Tororo ni la wazi: dawa za kufubaza virusi ni dawa za figo pia. Hata hivyo, wako ambao figo zao zilikwisha kuharibika kiasi cha kutorudi, na wako ambao shinikizo la damu au kisukari kiliwafikia hata wakiwa kwenye dawa. Hao wana njia mbili kuu za kuendelea kuishi: kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, au kupandikizwa figo.

Kwa nini walikataliwa?

Mwili humtambua mgeni na kumfukuza. Figo ya mtu mwingine ni mgeni, na kinga ya mwili huishambulia. Kwa sababu hiyo kila aliyepandikizwa hunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Sasa mfikirie mtu ambaye VVU vimekwisha kuila kinga yake. Madaktari walijiuliza: tutamshushiaje kinga mtu ambaye tatizo lake ni upungufu wa kinga? Waliogopa kwamba maradhi nyemelezi yangemuua upesi. Waliona pia kwamba figo ni chache, na kumpa mtu ambaye hatarajiwi kuishi muda mrefu ni kumnyima mwingine.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi kabla ya mwaka 1996, dawa madhubuti za kufubaza VVU zilipokuwa bado hazijapatikana. Dawa zilipokuja, wagonjwa wakaacha kufa, lakini mlango wa chumba cha upasuaji ukabaki umefungwa kwa miaka mingi baadaye.

Ushahidi uliofungua mlango

Nchini Marekani, kati ya mwaka 2003 na 2009, watu 150 wenye VVU walipandikizwa figo katika utafiti mmoja mkubwa. Ulipochapishwa mwaka 2010 katika jarida la New England Journal of Medicine, ulionyesha kwamba karibu asilimia 95 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na asilimia 88 baada ya miaka mitatu. VVU havikushika kasi kwa sababu ya dawa za kushusha kinga. Tatizo lililojitokeza halikutarajiwa na wengi: miili ya wapokeaji hao ilizikataa figo mara mbili hadi tatu zaidi ya ilivyo kawaida. Kumbe kinga yao haikuwa dhaifu kama ilivyodhaniwa. Ilikuwa na nguvu za kumshambulia mgeni.

Sehemu ya sababu ilikuwa ni mgongano wa dawa. Baadhi ya dawa za zamani za VVU hupandisha mno kiwango cha dawa za kushusha kinga katika damu, nyingine hukishusha. Kikipanda, figo mpya huungua kwa sumu. Kikishuka, mwili huikataa. Dawa mpya kama dolutegraviri, ambayo ndiyo kiini cha tembe ya TLD inayotumiwa sasa Uganda, Kenya na Tanzania, hazina mgongano huo mkubwa. Kwa maneno mengine, dolutegraviri iliyomo katika tembe anayoimeza kila siku mkulima wa Kirewa ni miongoni mwa dawa zinazofaa zaidi kwa mtu anayetarajia kupandikizwa.

Hatua ya ujasiri zaidi ilipigwa barani Afrika. Katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, palepale ambapo moyo wa binadamu ulipandikizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, daktari bingwa wa upasuaji Elmi Muller aliwaona wagonjwa wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wenye VVU walioharibikiwa figo, ambao hospitali za umma hazikuwa na nafasi ya kuwasafisha damu. Wa pili walikuwa watu waliofariki ubongo kwa ajali au maradhi, wenye figo nzima, lakini figo hizo zilitupwa kwa kuwa marehemu walikuwa na VVU. Kuanzia mwaka 2008 aliwapa wale wa kwanza figo za hawa wa pili. Mwaka 2015 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wapokeaji 27: asilimia 84 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na asilimia 74 baada ya miaka mitano.

Kazi hiyo ya Cape Town ilitikisa sheria za mbali. Nchini Marekani, kutumia kiungo cha mtu mwenye VVU kulipigwa marufuku tangu mwaka 1988. Mnamo Novemba 2013 Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyoruhusu viungo hivyo vitumike kwa wapokeaji wenye VVU, kwa njia ya utafiti. Mwezi Machi 2016 upandikizaji wa kwanza wa aina hiyo nchini humo ulifanyika katika Hospitali ya Johns Hopkins. Machi 2019, katika hospitali hiyohiyo, Nina Martinez, mwanamke anayeishi na VVU, alitoa figo yake akiwa hai kumpa mtu mwingine mwenye VVU.

Mwezi Oktoba 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wapokeaji 198 wenye VVU katika vituo 26 nchini Marekani. Nusu yao walipewa figo za marehemu wenye VVU, nusu figo za marehemu wasio na VVU. Baada ya miaka mitatu, asilimia 85 ya kundi la kwanza na asilimia 87 ya kundi la pili walikuwa hai. Tofauti ni ndogo sana. Mwezi uliofuata, serikali ya Marekani iliondoa sharti la utafiti kwa upandikizaji huo wa figo na ini.

Nani anafaa kupokea?

Kuwa na VVU hakumzuii mtu tena, lakini yapo masharti. Kwa kawaida madaktari hutaka kiwango cha virusi kiwe chini kiasi cha kutoonekana kwa vipimo, seli za CD4 zizidi 200, na mgonjwa awe ametumia dawa zake kwa uthabiti kwa miezi kadhaa. Asiwe na kifua kikuu au maambukizi mengine ambayo hayajatibiwa. Moyo wake, ini lake na uwezo wake wa kustahimili upasuaji huchunguzwa kama wa mgonjwa mwingine yeyote.

Lipo pia sharti la muda mrefu. Aliyepandikizwa atameza dawa za VVU na dawa za kushusha kinga kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Akiacha mojawapo kwa wiki chache, anaweza kupoteza figo. Mtu aliyemeza dawa zake bila kukosa kwa miaka 10 ana mazoea ambayo wagonjwa wengine wa figo hulazimika kuyaanza upya.

Hali ikoje Afrika Mashariki?

Kenya ina uzoefu wa miaka mingi zaidi katika ukanda huu, hasa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Tanzania ilianza upandikizaji wa figo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata mwaka 2018. Uganda ilipitisha sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu mwaka 2023, na mwezi Desemba mwaka huohuo figo ya kwanza ikapandikizwa katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala. Kabla ya hapo Waganda wenye uwezo walisafiri ng'ambo, hasa India. Wasio na uwezo walibaki nyumbani.

Si kila kituo kinachopandikiza figo kina uzoefu wa kuwahudumia wenye VVU. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari bingwa wa figo ni hili: je, hospitali hii huwapokea, na kama haiwapokei, itanielekeza wapi?

Kwa mkulima wetu wa Kirewa, umbali ni kikwazo kingine. Kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hawezi kwenda na kurudi huku akilima. Wengine huhama, wakapanga chumba mjini, na shamba likabaki. Upandikizaji ukifaulu humrudisha mtu kwake. Hilo lina uzito kuliko takwimu zote tulizozitaja.

Ipo pia hatari ya tamaa. Kuuza au kununua figo ni kosa kisheria. Mwezi Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha huduma za upandikizaji katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret, kufuatia tuhuma za biashara ya figo, na ikaunda kamati ya uchunguzi. Anayemfuata mtu sokoni au kituo cha mabasi na kumwahidi pesa kwa figo yake si mganga wala mkombozi.

Kuomba figo ni kufungua siri

Upandikizaji wa Afrika Mashariki umetegemea zaidi figo za watu walio hai, na hao huwa ni ndugu. Hapa tatizo huhama kutoka hospitalini na kuingia katika boma. Katika ukanda huu ukoo mmoja waweza kuwa na nyumba pande zote mbili za mpaka. Mgonjwa anayemwendea kaka yake kumwomba figo huenda hajawahi kumwambia kwamba anaishi na VVU. Kaka ana haki ya kujua anampa nani na uwezekano wa kufaulu ni upi, kwa kuwa naye anaingia kisuni. Mgonjwa naye ana haki ya kutotangazwa. Mshauri nasaha wa hospitali yupo kwa ajili ya mazungumzo hayo, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kutoa.

Kaka huyo naye atapimwa: kundi la damu, shinikizo, sukari, mkojo na VVU. Kwa kuwa ndugu hurithi mengi pamoja, ile jeni tuliyoitaja mwanzoni, au shinikizo la damu la ukoo, inaweza kuwa inazitishia figo zake pia. Kumkataa mchangaji kwa sababu hiyo ni kumlinda. Na akikutwa na VVU, Afrika Kusini na Marekani zimeonyesha kwamba mlango haujafungwa moja kwa moja, ingawa huko nako mtu aliye hai huruhusiwa kutoa baada ya uchunguzi mkali.

Ufanye nini leo?

Kwa wengi, jambo la maana zaidi ni kuzilinda figo walizo nazo.

Kwanza, usikatize dawa za kufubaza virusi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kliniki nyingi Uganda na kwingineko ziliyumba, na wengine wakahofia kukosa dawa. Ikiwa kituo chako kimefungwa, nenda kituo kingine cha serikali ukiwa na kadi yako. Usingoje tembe ziishe.

Pili, omba kupimwa shinikizo la damu, sukari, protini katika mkojo na kreatinini katika damu, angalau mara moja kwa mwaka. Fahamu kwamba dolutegraviri inaweza kupandisha kidogo kipimo cha kreatinini bila kuidhuru figo. Jibu moja lisikufanye uache dawa. Mwachie daktari alitafsiri.

Tatu, jihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani na kumeza kwa majuma mfululizo. Jihadhari vilevile na mitishamba isiyojulikana kiasi chake. Vyote viwili vinaweza kuiumiza figo.

Nne, usidharau dalili: miguu au uso kuvimba, mkojo wenye povu lisiloisha, mkojo kupungua, uchovu usio na sababu. Zikija, huenda ugonjwa umekwenda mbali.

Na ikiwa figo zimekwisha kufa, usikubali kuambiwa kwamba VVU peke yake ndiyo sababu ya kukatwa jina lako katika orodha. Uliza sababu nyingine ni ipi. Huenda ipo, tena ya haki: moyo, kifua kikuu, kukosa mchangaji, gharama. Lakini VVU vilivyodhibitiwa peke yake si jibu tena. Wagonjwa waliokubali kuwa wa kwanza Cape Town walilithibitisha hilo kwa miili yao.